Kona ya Dada: Urithi wa Damu na Urithi wa Mikono

Leo nimeketi na barua moja tu. Nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimeona ndani yake nyumba nyingi za kwetu. Mwandishi hakutaka jina lake litajwe, nami nimelihifadhi. Anasema hivi:

"Dada, shikamoo. Kwetu ni Nachingwea, nimeolewa Ruangwa. Mwanangu wa kwanza ana miezi 14. Kliniki walimpima urefu wakaniambia amedumaa. Nilipofika nyumbani mama mkwe akasema nisihangaike, ukoo wao ni wafupi tangu zamani. Jirani akanishauri ninywe maziwa nipate nguvu ya kunyonyesha. Nilikunywa glasi nzima, tumbo likaunguruma hadi usiku na nikaharisha. Mume wangu naye hataki tena kuona ugali wa muhogo wala ming'oko nyumbani, anasema ni vyakula vya njaa. Dada, ina maana damu yetu ni mbovu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu kabla sijaenda mbali: hapana. Damu yenu haina ubaya wowote, na mtoto wako bado ana muda. Ila nataka tuelewane jambo moja, maana likikukaa kichwani, maswali yako yote yatapata njia.

Kila mtoto hurithi mara mbili. Urithi wa kwanza umo kwenye damu, ndio unaoitwa vinasaba. Huo hufika wenyewe, mama akijua asijue. Urithi wa pili umo mikononi: namna ya kuloweka, kuanika, kuchambua, kuchanganya, kuweka akiba. Huo haupiti kwenye damu. Hupita kwa kukaa karibu na mtu anayejua ukamwona anavyofanya. Kizazi kimoja kikiuacha, watoto wanaofuata hawauoni tena. Tatizo la nyumba zetu nyingi, mdogo wangu, ni kwamba tunaulaumu urithi wa kwanza huku tukiuacha wa pili ukipotea.

Tumbo lako halijakosea

Tuanze na yale maziwa. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya kinachoitwa laktasi, kazi yake ni kuvunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Mtu mzima wa aina hiyo akinywa glasi nzima, sukari ile hushuka bila kuvunjwa hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huishambulia, gesi hujaa, na hapo ndipo unaposikia tumbo likinguruma. Wewe ni mzima kabisa. Hivyo ndivyo binadamu wengi walivyo.

Wanaoweza kunywa maziwa ukubwani bila shida ndio waliopata mabadiliko. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya kupima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba wafugaji wa pande zetu wana badiliko lao la kinasaba linaloiacha laktasi ifanye kazi maisha yote, na badiliko hilo si lile la Wazungu. Waliokadiria umri wake walisema lilianza kuenea miaka kama 3,000 hadi 7,000 iliyopita, wakati ufugaji ulipoingia Afrika Mashariki. Katika jamii inayoishi kwa ng'ombe, aliyeweza kuyatumia maziwa vizuri alivuka ukame na kuacha watoto wengi zaidi, nao wakarithi tumbo lake.

Sasa angalia kusini kwetu. Mbung'o walizuia ng'ombe kwa vizazi na vizazi. Bibi zetu walilima mtama, kunde na njugu mawe, wakafuga kuku na mbuzi wachache. Maziwa ya ng'ombe hayakuwa sehemu ya maisha yao. Wafugaji wengi tunaowaona leo Lindi, Wasukuma na Wadatoga ambao huku huitwa Wamang'ati, walifika baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Wao na sisi tunakutana mnadani tukiwa na matumbo yenye historia mbili tofauti, na hakuna la kumfanya mmoja amcheke mwenziwe.

Kwa hiyo usijilazimishe glasi nzima. Jaribu mtindi, kwa sababu bakteria wameshaivunja sehemu ya ile sukari. Au anza na nusu kikombe cha maziwa pamoja na chakula, uone mwili unasemaje. Ukishindwa kabisa, madini ya mifupa yamo pia kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kwenye mboga za majani. Mtoto wako ni habari nyingine: kwa umri wake laktasi bado ipo. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa ukiyapata, mpe.

Ming'oko si aibu

Bibi yangu alikuwa akinichukua porini kuchimba mizizi hiyo mvua zikishakata. Majani ya ming'oko yamekauka, lakini kamba yake bado imejizungusha kwenye mti. Alikuwa akiifuata kamba hiyo kwa vidole hadi inapozama ardhini, kisha anapiga magoti. Alianza kwa jembe dogo lililokwisha makali, akamalizia kwa mkono, maana ukitumia jembe hadi mwisho unaikata. Ilitoka myembamba, mirefu, ina udongo kwenye kila kikunjo. Shimo alilifukia kila mara. Jioni ilichemshwa kwa chumvi, tukawa tunaibana kwa vidole viwili, ganda linavuka, tunakula ya moto.

Sikujua wakati ule kwamba watafiti walikuwa wanawatazama bibi wengine wakifanya kazi ileile. Kaskazini mwa nchi yetu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wanaokula kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakipima nani anafanya kazi gani na kwa saa ngapi. Waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha kuacha kuzaa, huchimba mizizi kwa bidii kuliko hata mabinti zao. Na mama anapojifungua, uzito wa mtoto aliyetangulia huenda sambamba na kazi ya bibi yake. Kutokana na hayo Hawkes alitoa hoja inayojulikana sana leo: huenda binadamu wa kike huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi wachapakazi walikuza wajukuu zao.

Mwaka 2007 George Perry na wenzake wakaongeza jambo jingine. Mate yetu yana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na kinasaba chake huja kwa nakala: mwingine anazo chache, mwingine nyingi. Walilinganisha jamii zinazokula wanga kwa wingi, wakiwamo Wahadzabe, na zile zinazokula wanga kidogo, wakiwamo Wadatoga. Kwa wastani, walaji wa wanga walikuwa na nakala nyingi zaidi. Wahadzabe na Wadatoga ni majirani wa eneo moja, lakini chakula cha mababu kimeacha alama tofauti midomoni mwao.

Unaweza kukiona kimeng'enya hicho kikifanya kazi leo usiku. Chukua tonge ndogo ya ugali bila mboga. Tafuna, usimeze. Hesabu hadi thelathini polepole. Ikifika ishirini na kitu utaanza kusikia utamu ambao haukuwapo mwanzo. Hayo ni mate yako yanageuza wanga kuwa sukari. Mwonyeshe na mumeo, mtafune pamoja. Kisha mwambie kwamba mizizi ya porini ni miongoni mwa vyakula vya kale kabisa vya binadamu, na anayeila hana haja ya kujificha. Ila umwambie ukweli wote: ming'oko ni wanga. Inashibisha na kutia nguvu, lakini haina protini na mafuta ya kumtosha mtoto anayekua. Inahitaji mwenzake kwenye sahani.

"Ukoo wetu ni wafupi"

Hapa naomba unisikilize kwa makini, mdogo wangu. Ni kweli urefu una urithi wa damu ndani yake. Watoto wawili wakila sawa na kuugua sawa, mmoja anaweza kumpita mwingine kwa sababu ya vinasaba. Lakini kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri na waliokuwa na huduma za afya. Watoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walikua kwa mwendo unaokaribiana kabisa hadi miaka mitano. Chati za kupimia ukuaji zilizotoka mwaka 2006, ambazo kliniki hutumia kumpima mwanao, zimejengwa juu ya watoto hao.

Tazama na nchi yetu. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Damu ya Watanzania haiwezi kubadilika kwa miaka 12. Kilichobadilika ni chakula, maji, chanjo na matibabu. Hao 30 waliobaki nao wanangoja mabadiliko hayohayo.

Wataalamu huzungumza juu ya siku 1,000: tangu mimba inapotunga hadi mtoto anapofika miaka miwili. Wako ana miezi 14. Umebakiwa na miezi 10, karibu siku 300. Hizo ni zako, zitumie. Mpe milo mitatu hadi minne kwa siku na kitu cha kutafuna katikati. Uji uwe mzito, unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Utie karanga zilizosagwa laini, kamwe usimpe nzima kwa sababu zinaweza kumpalia. Siku nyingine tia dagaa waliosagwa. Mboga za majani kila siku, tunda kila siku, yai kila unapolipata. Mbaazi na kunde zichemke hadi zilainike, uziponde. Chai usimpe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na mrudishe kliniki akapimwe tena, hasa kama anaharisha au anapata homa mara kwa mara, kwa sababu mtoto mgonjwa hakui hata ukimlisha vizuri.

Muhogo unataka subira

Mumeo anasema muhogo ni chakula cha njaa. Mimi nasema ni chakula kinachotaka heshima. Muhogo mchungu tunaupanda kwa sababu nguruwe na nyani hawauharibu sana. Uchungu ule ni dalili ya sumu ya sayanaidi, ambayo mmea umejiwekea uilinde mizizi yake. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika. Kule kwao, wenyeji walikuwa wamejifunza kwa maelfu ya miaka jinsi ya kuutoa sumu. Bibi zetu walilazimika kujifunza upya.

Nakumbuka mwaka mmoja wa ukame, nikiwa na miaka kama kumi na miwili. Tulikuwa tumeloweka muhogo mchungu, na siku ya pili asubuhi njaa ilinifanya nitake kuutoa. Bibi akaingiza mkono kwenye maji yale yenye povu, akatoa kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilikuwa bado kigumu katikati. "Haujaachia," akasema, akakirudisha. Siku ya tatu alibonyeza tena, kidole kikazama na nyuzi zikaachana zenyewe. Ndipo akasema tuutoe tukaanike.

Fahamu kilichokuwa kwenye kidole kile. Anayekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, huku hana protini, anaweza kupata ugonjwa wa konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 1985 ulizuka Tarime wakati wa ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifika kwa jirani zetu wa Mtwara. Protini inaingiaje hapo? Mwili huvunja sumu hiyo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye vyakula vya protini. Mwenye mbaazi, dagaa au yai kwenye sahani ana silaha. Mwenye muhogo mtupu hana.

Kwa hiyo: muhogo mchungu loweka siku tatu, hadi uachie. Makopa ya vipande vikubwa yaliyoanikwa juani bila kulowekwa hubaki na sumu nyingi. Ukiwa na unga usiouamini, iko njia iliyopendekezwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia, ambayo imetumika Kongo kuzuia konzo. Unga changanya na maji hadi ulowe, utandaze mwembamba kwenye ungo au turubai, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu hupaa kama hewa. Kisamvu nacho kitwange sana, kichemke muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Karanga za Nachingwea

Wewe wa Nachingwea unajua kwamba kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kuja kulima karanga huku, Kongwa na Urambo. Walitaka mafuta ya watu wao waliokuwa na uhaba baada ya vita. Walijenga reli kutoka Mtwara, wakatumia mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iling'olewa. Karanga zilibaki kwenye vishamba vya mama zetu, kando ya mtama na mihogo.

Thamani yake utaiona kwenye habari moja ya majirani zetu. Wakati wa vita vya Msumbiji, wakimbizi wengi walikuwa kambini Malawi, wanakula mahindi ya msaada na karanga kidogo. Karanga zilipokatika, mwaka 1990 zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Wenyeji wa Meksiko waliifungua kwa kuchemsha mahindi na chokaa au majivu. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi ule haukupanda meli. Kwa wale wakimbizi, konzi ile ya karanga ndiyo iliyokuwa inawapa niasini.

Tia karanga kwenye uji wa mwanao, basi, na ukiweza tumia dona badala ya sembe, maana kiini cha mahindi huondoka kwenye pumba. Lakini chambua karanga kwa mkono, moja moja, kwenye mwanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usiikaange, usimpe kuku. Ukungu ule huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Anika hadi zikauke kabisa, hifadhi juu ya chanja, pasipo unyevu.

Debe la mwisho usiliuze

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua. Kuanzia Januari hadi Machi ghala limekwisha na shamba halijaiva. Huko Gambia, kijijini Keneba, watafiti wamefuatilia mama na watoto kwa miongo mingi, na wanakijiji hao wana msimu wa njaa kama wetu. Waligundua kwamba chakula anachokula mama wakati mimba inatunga huacha alama juu ya vinasaba vya mtoto. Alama hizo hazibadilishi kinasaba chenyewe, ila hukiambia kifanye kazi zaidi au kipungue. Hapo urithi wa damu na urithi wa mikono unakutana tumboni mwa mama.

Ukivuna mbaazi, najua mnada unaita na ada za shule zinangoja. Lakini mnakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kununua mbaazi na bei ikaanguka kote kusini. Waliokuwa wameuza zote kwa hesabu ya bei nzuri walibaki bila fedha na bila mboga. Tenga debe la mbaazi na debe la njugu mawe, uwaambie nyumba nzima kwamba hayo ni ya Januari. Na ukipata mimba nyingine, wahi kliniki mapema upewe vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki.

Sasa mama mkwe

Nimemwacha mwisho kwa makusudi. Alikosea aliposema ni ukoo, lakini usimjibu kwa takwimu zangu. Wiki hii nenda jikoni kwake na daftari. Muulize: mama, muhogo mchungu mlikuwa mkiuloweka siku ngapi, na mlijuaje umeiva? Njugu mawe mlizihifadhi wapi zisiliwe na wadudu? Mtoto akiachishwa ziwa mlimpa nini kwanza? Andika kila anachosema, hata kama kingine utakuja kukiuliza kliniki kabla ya kukifanya.

Kisha mwombe akusagie karanga za uji wa mjukuu wake, na awe yeye anayemlisha mchana ukiwa shambani. Mwezi ujao mkampime mtoto pamoja, aone mwenyewe mstari ukipanda kwenye kadi.

Niandikie mwezi ujao, uniambie ana sentimita ngapi.

Dada yenu.